Kura Moja ya Chake Chake: Zanzibar Ilipogawika Nusu kwa Nusu, 1961

Tarehe 17 Januari 1961 watu wa Unguja na Pemba walikwenda kupiga kura kuwachagua wajumbe 22 wa Baraza la Kutunga Sheria. Chake Chake, mji wa katikati ya Pemba uliojikunja juu ya mkono wa bahari, ulitoa matokeo ambayo mpaka leo wazee huyasimulia kwa kidole kimoja kilichoinuliwa juu: mgombea wa chama cha Afro-Shirazi alipita kwa kura moja.

Kura moja ni mtu mmoja aliyekwenda kituoni badala ya kubaki shambani. Ni bibi aliyeshikwa mkono na mjukuu wake mpaka kwenye sanduku, au aliyeumwa homa asubuhi ile akalala. Hesabu ilipojumlishwa nchi nzima, Afro-Shirazi walikuwa na viti 10, Zanzibar Nationalist Party, ambao watu waliwaita Hizbu, viti 9, na Zanzibar and Pemba People's Party, ZPPP, viti 3. Baada ya siku chache za kubembelezana, Baraza likasimama 11 kwa 11. Hakuna aliyeweza kuunda serikali. Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka ule ule, na siku ya Juni watu wakafa.

Ukisikiliza kisa hiki kinavyosimuliwa barazani, utakipata kwa namna mbili. Upande mmoja husema Waingereza na Hizbu walipanga kila kitu ili Waafrika wasitawale. Upande wa pili husema Afro-Shirazi hawakukubali kushindwa, na asiyekubali kushindwa si mshindani. Mimi nadhani zote mbili zinamtafuta mwizi wakati mlango wenyewe ulikuwa hauna komeo. Ushahidi mzito zaidi wa 1961 umo kwenye hesabu: idadi ya viti, ramani ya majimbo, na kanuni ya kwamba anayepata kura nyingi jimboni anachukua vyote, hata kama amezidi kwa moja. Hesabu hiyo ilipokutana na jamii ambayo tayari ilikuwa imeshagawana maduka, misikiti na mazishi, kura moja ya Chake Chake ikawa na uzito wa nchi.

Ng'ambo, 1957

Ili Januari 1961 ieleweke, inabidi turudi nyuma hadi Julai 1957. Huo ndio uchaguzi wa kwanza Zanzibar kuwapa wananchi nafasi ya kuchagua wajumbe wa Baraza, tena viti 6 tu, na wapiga kura walikuwa wanaume peke yao, wale waliotimiza masharti ya umri, elimu au mali. Vyama vilikuwa vichanga. Afro-Shirazi ilizaliwa Februari 1957 kwa kuunganisha Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi, Abeid Amani Karume akawa rais wake. Hizbu ilikuwa na miaka miwili, na mizizi yake, jambo ambalo wengi husahau, ilitoka kwa wakulima wa Kiembe Samaki waliogombana na serikali mwaka 1951 kuhusu sindano za ng'ombe. Ugomvi ule uliitwa Vita vya Ng'ombe. Baadaye wasomi wa mjini wakaingia, Sheikh Ali Muhsin Barwani akiwa ndiye sauti yake kubwa, na gazeti la Mwongozi likawa mimbari yake.

Jimbo la Ng'ambo, mitaa ya mjini Unguja iliyo nje ya Mji Mkongwe, liliwakutanisha Karume na Ali Muhsin uso kwa uso. Karume alipata kura 3,328. Ali Muhsin 918. Hizbu haikupata hata kiti kimoja nchi nzima.

Shika tofauti ile ya Ng'ambo: kura 2,410. Sasa iweke kando ya Chake Chake miaka mitatu na nusu baadaye: kura 1. Ushindi wote wawili unazaa kitu kile kile, kiti kimoja. Kura elfu mbili na zaidi alizozidi Karume zilikuwa fahari, zilikuwa nderemo na ngoma za usiku kucha, lakini ndani ya Baraza hazikuwa na thamani yoyote ya ziada. Huu ndio ufunguo wa kisa kizima. Afro-Shirazi walikuwa na watu wengi waliokaa pamoja: Ng'ambo, mashamba ya karafuu ya Unguja, maeneo ya vibarua na wachukuzi wa bandarini. Walikuwa wakishinda kwa mafuriko. Wapinzani wao walikuwa wametawanyika vizuri zaidi, wakishinda kwa vikombe, kikombe hapa, kikombe pale, hasa Pemba.

Kwa nini Pemba haikuwa Unguja

Watu wa bara wanaposoma siasa za Zanzibar hujiuliza kwa nini Washirazi wa Unguja na Washirazi wa Pemba walipiga kura kama watu wa nchi mbili. Jibu moja liko kwenye upepo. Mwaka 1872 tufani ilipiga Unguja ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilisalimika, na tangu hapo ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Lakini karafuu ya Pemba haikuwa mali ya mabwana wakubwa peke yao. Mpemba wa kawaida naye alikuwa na mikarafuu yake, kumi hapa, ishirini pale, imepakana na ya jirani yake Mwarabu. Waliuza pamoja, wakaoana, wakazikana. Unguja mambo yalikuwa mengine: ardhi yenye rutuba ya magharibi na kati ilikuwa mikononi mwa wenye mashamba makubwa, Wahadimu, yaani Washirazi wa Unguja, wakabaki upande wa mashariki na kusini kwenye ardhi ya mawe, na kazi ya shamba ikafanywa na maskwota na vibarua, wengi wao wenye asili ya bara.

Kwa hiyo mwanasiasa aliyesimama Unguja akasema «mwenye shamba anakunyonya» alieleweka papo hapo. Maneno yale yale yakipelekwa Pemba yalimkuta msikilizaji ambaye mwenye shamba ni yeye. Ukipenda, sema tufani ya 1872 ilipiga kura mwaka 1961.

Waliochaguliwa Pemba mwaka 1957, Mohammed Shamte na Ali Sharif, walijiunga na Afro-Shirazi baada ya uchaguzi, lakini ndoa ile ilikuwa na mashaka tangu mwanzo. Washirazi wa Pemba waliona chama kinaendeshwa na watu wa mjini Unguja wenye asili ya bara. Wale wa mjini waliona Wapemba wanawavumilia Hizbu kupita kiasi. Desemba 1959 ndoa ikavunjika. Shamte na wenzake wakatoka wakaunda ZPPP. Kumbuka majina mawili, Shamte na Ali Sharif, kwa sababu baada ya Januari 1961 walikwenda njia tofauti na hapo ndipo 11 kwa 11 ilipozaliwa.

Zama za siasa

Wazanzibari wenyewe wana jina la kipindi kile: zama za siasa. Husemwa kwa namna ya kutikisa kichwa, kama mtu anavyosema «wakati wa ndui». Siasa haikuwa kazi ya wanasiasa tu. Mwaka 1958 wenye mashamba kadhaa wa upande wa Hizbu waliwafukuza maskwota. Desturi ya miaka mingi ilikuwa kwamba skwota analima muhogo wake chini ya mikarafuu bila kulipa kodi, naye anapalilia shamba bila kulipwa, na kila mtu ameridhika. Siasa ilipoingia, swali likawa: unapalilia kwangu, unampigia nani kura? Upande wa pili ukajibu kwa kugoma. Waafrika wakaambiwa wasinunue kwenye maduka ya Waarabu, wakaanzisha maduka yao ya ushirika. Watu wakaacha kupanda gari moja, kuhudhuria harusi moja, kuswali nyuma ya imamu fulani. Hata mazishi yaligawika, na mtu wa pwani anajua hilo lina maana gani, kwa sababu jeneza ndicho kitu ambacho hata maadui hubebeana.

Kulikuwa na juhudi za kuwapatanisha. Jumuiya ya harakati za uhuru ya Afrika Mashariki na Kati, PAFMECA, iliyoanzishwa Mwanza Septemba 1958, ilivibana vyama viwili vikae meza moja katika Kamati ya Uhuru. Kamati ilidumu kwa muda, kisha ikafa. Hakuna aliyeilaani. Kila upande ulikuwa tayari unahesabu watu wake kwa ajili ya uchaguzi unaokuja, na huwezi kupatana na mtu huku unamhesabia kura.

Januari 1961 ilipofika, sheria ilikuwa imepanuliwa. Viti vya kuchaguliwa vilipanda kutoka 6 hadi 22, Unguja 13 na Pemba 9. Wanawake walipiga kura kwa mara ya kwanza, na waliojitokeza walikuwa wengi kuliko ilivyotazamiwa. Viti 22, namba inayogawika kwa mbili. Balozi wa Kiingereza, Sir George Mooring, na washauri wake walijua wana vyama viwili vikubwa vinavyokaribiana nguvu na kimoja kidogo katikati, lakini namba ikaachwa vile vile. Uzembe huu wa kihesabu unanishangaza kila ninapourudia. Mtu anayejenga lango la ng'ombe wawili hupima kwanza kama watapita. Hapa nchi nzima ilipitishwa bila kupimwa.

Siku za kumi na moja kwa kumi na moja

Unguja: Afro-Shirazi 8, Hizbu 5. Pemba: Hizbu 4, ZPPP 3, Afro-Shirazi 2, na Chake Chake imo kwenye hizo mbili. Kwa kura za jumla Afro-Shirazi waliongoza kwa takriban asilimia 40, Hizbu takriban asilimia 36.

Kwa hiyo ufunguo wa Ikulu ulikuwa mifukoni mwa wajumbe watatu wa ZPPP. Katika nchi nyingine chama kidogo chenye bahati kama hii hukaa kimya, kikapandisha bei, kikauza ushirika wake kwa uwaziri mbili tatu. Zanzibar kilipasuka. Shamte na Bakari Mohamed wakaenda na Hizbu. Ali Sharif akarudi kwa Afro-Shirazi alikotoka. Tisa na wawili, kumi na moja. Kumi jumlisha mmoja, kumi na moja.

Hapa tujaribu hesabu ya «lau». Lau mtu mmoja wa Chake Chake angeghairi, Afro-Shirazi wangebaki na viti 9, na hata wakimpata Ali Sharif wasingefika nusu bila kumvuta mtu mwingine tena. Uwezekano mkubwa ni kwamba serikali ya Hizbu na ZPPP ingeundwa Januari, bila uchaguzi wa pili, bila kampeni za miezi minne nyingine za chuki. Kuna watu wanaoishia hapo na kusema: basi kura moja ilileta maafa. Sikubali. Serikali hiyo ya Januari ingesimama juu ya kura chache kuliko za wapinzani wake katika Unguja, mjini ambako bandari na askari wako, na wafuasi wa Afro-Shirazi wangeamka kesho yake na hisia ile ile waliyokuwa nayo Juni: sisi ni wengi, wanatutawala wachache. Kura ya Chake Chake iliwapa Waingereza miezi minne ya kurekebisha hesabu. Walichofanya na miezi hiyo ndicho kinachostahili kuulizwa.

Walifanya mambo mawili. Waliweka serikali ya muda yenye watu wa pande zote mbili chini ya maafisa wa Kiingereza, jambo la busara. Kisha wakaongeza kiti kimoja ili jumla iwe 23, namba isiyogawika. Kiti hicho kikapelekwa Mtambwe, Pemba.

Kitakwimu kilikuwa na hoja. Pemba ilikuwa na watu wengi kwa viti vichache. Kisiasa kilikuwa sawa na kuweka jiwe la mwisho kwenye sahani ya mizani ambayo kila mtu anajua inaelemea wapi. Mtambwe haikuwa ngome ya Afro-Shirazi, na hakuna aliyedhani ingekuwa. Sielewi kwa nini hakuna aliyependekeza kwa nguvu njia nyingine, kwa mfano viti vichache vya kugawanywa kwa uwiano wa kura za nchi nzima, au sharti la serikali ya pamoja kwa kipindi kimoja. Njia ya Westminster ilikuwa kama msahafu kwa maafisa wale: unachukua jimbo, unachukua mjumbe, mwenye wajumbe wengi anatawala, aliyekosa anasubiri miaka mitano. Msahafu huo uliandikwa kwa watu ambao upinzani wa leo hutarajia kuwa serikali kesho. Nani Unguja mwaka 1961 aliamini kwamba akishindwa sasa, na Mwingereza akaondoka, atapewa tena nafasi?

Juni mosi

Uchaguzi wa pili ulifanyika tarehe 1 Juni 1961. Hizbu na ZPPP safari hii walikuja wamefungana: waligawana majimbo, asimame mmoja mahali pamoja, kura zao zisigongane. Ilikuwa akili, na ilikuwa halali. Afro-Shirazi nao walikwenda nyumba kwa nyumba.

Mjini, asubuhi ile, kwenye vituo vya Ng'ambo na Darajani, vijana wa Afro-Shirazi walianza kuwazuia watu, wakidai kuwa wanataka kupiga kura mara ya pili au hawastahili. Maneno yakawa ngumi, ngumi zikawa marungu. Polisi hawakutosha. Siku zilizofuata ghasia zikahama mji zikaingia mashambani, na huko hazikuwa tena ugomvi wa foleni ya kura. Wenye vijiduka na wafanyakazi wa Kimanga, Waarabu wageni kutoka Oman, waliokuwa peke yao katikati ya mikarafuu, mbali na jirani wa kuwaficha, walivamiwa usiku. Askari wa King's African Rifles waliletwa kutoka Kenya. Mpaka utulivu ulipopatikana, watu 68 walikuwa wameuawa, walio wengi mno Waarabu, hasa Wamanga, ambao wengi wao hata hawakuwa na nguvu yoyote katika siasa. Mamia walijeruhiwa. Tume ya Sir Stafford Foster-Sutton iliundwa kuchunguza, nayo ikajikuta inafukua miaka ya nyuma hadi uchaguzi wa 1957.

Nasita kila mara mtu anaposema ghasia za Juni zilianzishwa na «wizi wa kura». Vurugu za kituoni, ndiyo. Lakini aliyeuawa usiku kwenye duka la shambani siku mbili baada ya kura kuhesabiwa hakuuawa kwa sababu ya daftari la wapiga kura. Aliuawa kwa sababu miaka minne ilikuwa imemfundisha jirani yake kumwona kama kura ya upande wa pili inayotembea.

Na matokeo je? Afro-Shirazi 10. Hizbu 10. ZPPP 3. Mtambwe ilikwenda kama ilivyotazamiwa. Kumi na tatu kwa kumi, Mohammed Shamte akawa Waziri Kiongozi.

Sasa angalia kura zenyewe, kwa sababu hapa ndipo uchambuzi wangu unapokaa. Afro-Shirazi walipata kura 45,172, karibu nusu kamili ya zote. Hizbu 31,681 na ZPPP 12,411. Ukiziunganisha ni 44,092. Yaani walioshindwa waliwazidi washindi kwa kura 1,080. Zaidi ya hayo, tangu Januari Afro-Shirazi walikuwa wameongeza kura zaidi ya 8,000, na hawakuongeza kiti hata kimoja. Jasho la miezi minne, nyumba kwa nyumba, halikuzaa kitu Barazani kwa sababu liliangukia mahali pale pale palipokuwa pamejaa.

Sheria haikuvunjwa. Lakini mwambie mchukuzi wa Malindi aliyekesha akipiga kampeni kwamba amepata kura nyingi, ameongeza kura nyingi, na ameshindwa. Halafu mwambie ni halali. Atakusikia neno la mwisho kama tusi.

Julai 1963, hesabu ile ile

Ungetarajia kuwa baada ya maiti 68 mtu angeigeuza hesabu. Mkutano wa katiba uliofanyika Lancaster House mwaka 1962 ulikwama, vyama vikagombania tarehe ya uhuru na uchaguzi mpya, lakini kanuni ya majimbo haikuguswa. Viti vikaongezwa hadi 31, kila mtu mzima akapewa haki ya kura, na uchaguzi ukafanywa kwa zamu kuanzia tarehe 8 hadi 11 Julai 1963. Upigaji kura ulikuwa mkubwa kupita kiasi, karibu kila aliyejiandikisha alifika. Ulikuwa na amani pia.

Afro-Shirazi walipata kura 87,085, zaidi ya asilimia 54. Hizbu 47,950, ZPPP 25,609. Safari hii pengo halikuwa la elfu moja. Lilikuwa la zaidi ya 13,000. Viti: Hizbu 12, ZPPP 6, jumla 18. Afro-Shirazi 13.

Pemba inaeleza yote. Kati ya wapiga kura wake, karibu asilimia 44 waliwachagua Afro-Shirazi, si haba kabisa kwa kisiwa kinachosemwa kilikuwa cha upande mmoja. Viti walivyopata Pemba ni 2 kati ya 14. Wapemba wale waliopigia Afro-Shirazi mwaka 1963, maelfu kwa maelfu, wamefutika hata kwenye kumbukumbu. Leo mtu akitaja Pemba ya zamani hakuna anayewakumbuka, kwa sababu majimbo hayakuwaacha waonekane. Uchaguzi wa aina hii hauhesabu watu tu, huchora picha ya nchi, na picha ikishachorwa watu wenyewe huanza kufanana nayo.

Kabla ya uchaguzi ule, Abdulrahman Babu, katibu mkuu aliyeijenga Hizbu mtaa kwa mtaa, alikuwa ameshajitoa na kuunda chama chake cha Umma. Serikali ya Shamte ilipokea uhuru tarehe 10 Desemba 1963 chini ya Sultani Jamshid ikiwa na wajumbe 18 nyuma yake na chini ya nusu ya wapiga kura. Ndani ya Baraza ilikuwa salama kabisa. Nje ya Baraza, usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, iliondolewa kwa mapanga na bunduki zilizoporwa kwenye maghala ya polisi, na yaliyofuata katika siku zile yaliifanya Juni 1961 ionekane kama mazoezi.

Siandiki kwamba Mapinduzi yalisababishwa na majimbo. Kulikuwa na ardhi, kulikuwa na kumbukumbu ya utumwa, kulikuwa na polisi wenye asili ya bara walioachishwa kazi, kulikuwa na watu wenye mipango yao. Ila kila mara Afro-Shirazi walipoingia kwenye sanduku la kura tangu Januari 1961 walitoka wakiwa na kura nyingi kuliko chama chochote, na mara mbili mfululizo wakakaa upinzani. Waliokuwa wakisema ndani ya chama «tusubiri uchaguzi ujao» walibaki bila hoja. Chama kinachoamini sanduku kinahitaji angalau mara moja kuona sanduku linakiamini nacho.

Baada ya hapo Zanzibar haikuwa na uchaguzi wa vyama vingi kwa miaka zaidi ya thelathini. Baraza la Wawakilishi lilianza mwaka 1980 chini ya chama kimoja. Vyama viliporudi, Oktoba 1995, viti vya kuchaguliwa vilikuwa 50, na kwa waliokuwa na umri wa kukumbuka, matokeo yalikuwa kama kusikia sauti ya marehemu: CCM 26, CUF 24. Kwa urais Salmin Amour wa CCM alitangazwa kwa asilimia 50.2, Seif Sharif Hamad wa CUF 49.8. Mitaani Unguja watu walianza tena kuulizana wanaswali wapi na wananunua duka gani, na Pemba maduka na visima vikaingia kwenye mgao. Viti vyote 21 vya Pemba vilikwenda kwa chama kimoja, CUF, kwa pengo kubwa kila jimbo, Chake Chake ikiwemo.